Tazameni Kinacholipwa Kwanza

Wajukuu zangu, na vijana wenzenu mtakaofikiwa na waraka huu,

Mambo ya shamba na nyumba tumeshaelewana na wazazi wenu, kila mmoja anajua lake, kwa hiyo msiyatafute humu. Ninachotaka kuwaachia nimekichuma kazini. Niliajiriwa katika halmashauri ya wilaya muda mfupi baada ya halmashauri kurudishwa mwaka 1984, kijana wa idara ya mipango, enzi za taipureta na karatasi ya kaboni. Nikastaafu bajeti ikiwa inaingizwa kwenye kompyuta. Mawaziri walibadilika, wakurugenzi walibadilika, hata jina la mkakati wa kupunguza umaskini lilibadilika kila baada ya miaka michache. Kazi yangu ilibaki ileile: kugawa fedha ambazo hazitoshi.

Kila Juni Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma kusoma bajeti. Mtasikia kilimo ni kipaumbele, afya ni kipaumbele, elimu, maji, barabara, nishati, vijana, wanawake, vyote vipaumbele. Msipoteze muda kubishana na hotuba. Ngojeni Februari, makusanyo yakiwa yamepungua na Hazina imeanza kubana, kisha ulizeni: mwezi huu kipi kimelipwa, na kipi kimeambiwa kingoje? Baba anaweza kuapa mbele ya wazee kwamba watoto ndio roho yake, lakini mshahara ukichelewa ada ikangoja na bia isingoje, mama wa watoto ameshapata jibu. Serikali mpimeni hivyo. Wapimeni hivyo na wakubwa wa dunia wanaosema wanataka kuumaliza umaskini.

Nitawaeleza inavyokuwa ofisini, maana wengi wenu hamjawahi kukaa kwenye kikao kile. Bunge likishapitisha bajeti, halmashauri inakuwa na kitabu kizuri chenye mafungu na kasma zake zote. Mishahara inatoka Hazina moja kwa moja mpaka benki, haipiti mezani kwetu. Yanayobaki ni matumizi mengineyo na fedha za maendeleo, na hizo huja kwa kudonoa: mara nusu ya kilichoidhinishwa, mara robo yake, mara kimya. Fedha zikiingia, wakuu wa idara wanaitwa kwa mkurugenzi. Mweka hazina anasoma kilichopo. Umeme wa ofisi una deni, lazima ulipwe wasije wakakata. Madiwani wana kikao wiki ijayo, posho zao haziwezi kukosekana. Kuna kiongozi anakuja kukagua miradi, magari ya msafara yanahitaji mafuta. Kila hoja ukiisikiliza peke yake ina akili, na hapo ndipo penye mtego. Mganga mkuu wa wilaya anakumbusha dawa za zahanati. Mhandisi wa maji anataja pampu iliyoungua. Mimi nataja boma. Tunaambiwa tuvute subira mpaka robo ijayo.

Boma lenyewe lilikuwa la zahanati, kijiji sitakitaja. Kila kaya ilichangishwa, na wasiokuwa na fedha wakaleta nguvu zao: mawe, mchanga, matofali ya kuchoma, maji ya zege yaliyobebwa kichwani na kina mama kutoka bwawani. Makubaliano yalikuwa yale ya nchi nzima, kwamba wananchi wapandishe ukuta mpaka kwenye lenta, serikali iezeke na kumalizia. Wakapandisha. Bati zilikuwa kwenye bajeti yetu, zimeandikwa na kupitishwa na baraza la madiwani. Mwaka wa kwanza fedha hazikuja. Mwaka wa pili zilikuja wiki ya mwisho ya Juni, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Hakuna mzabuni wa kuleta bati, kuziezeka na kulipwa kwa siku hizo, kwa hiyo zikarudi Hazina. Masika yakapiga ukuta usio na paa. Matofali ya juu yakaanza kumomonyoka, nondo zikashika kutu, mbuzi wakapata mahali pa kulala mchana. Wajawazito wakaendelea kupakiwa kwenye baiskeli, na miaka ya baadaye kwenye bodaboda, kupelekwa kituo cha afya cha tarafa ya jirani.

Yule kiongozi alipokuja kukagua miradi, msafara ulipita kando ya boma lile bila kusimama. Mafuta yalikuwa yamelipwa.

Na mwaka ule halmashauri ilipata hati safi. Hili nataka mlielewe vizuri, kwa sababu nawasikia mkisema kila umaskini ni wizi. Wizi upo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inatolewa kila mwaka, na haijawahi kukosa cha kueleza. Lakini hati safi inathibitisha kwamba hesabu zimeandikwa sawasawa, basi. Haisemi zahanati imeezekwa, haisemi kina mama wamepona. Fedha nyingi nilizoziona zikiwapita maskini zilipita kihalali kabisa, zikiwa na hati za malipo, sahihi zote na mhuri. Mwizi mnaweza kumkamata. Orodha ya malipo iliyopangwa vibaya na watu waungwana mtaifanyaje, kama hamjui hata kwamba ipo?

Nchi nayo ina kumbukumbu zake za jambo hili. Mwalimu Nyerere aliwataja mapema maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kwa muda fedha zilikwenda yalikokwenda maneno. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974, madarasa yalifunguliwa kila kona. Wazee walijifunza kusoma jioni kwa taa ya chemli. Halafu nchi ikaishiwa. Bei ya mafuta ilipanda, mazao yetu yakashuka bei, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, na mashirika mengi ya umma yakawa mzigo, tusifichane. Mwalimu alivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa miaka kadhaa, akiuliza hadharani kama kweli watoto wafe njaa ili madeni yalipwe. Mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, makubaliano yakatiwa saini.

Mkitaka kujua nini kililipwa kwanza miaka iliyofuata, waulizeni mama zenu. Hospitali za serikali zilianza uchangiaji mwaka 1993. Shuleni ada ikarudi, pamoja na michango isiyo na mwisho. Idadi ya watoto waliokuwa darasani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekaribia watoto wote wa umri wa shule, ikaporomoka. Deni la nje halikuambiwa kirahisi hivyo lingoje robo ijayo. Nisieleweke vibaya: deni ni dawa yake kulipa, na serikali iliyokopa haina budi kulipa. Ila naona ni haki kusema nani alilipa. Alilipa binti aliyebaki nyumbani ili kaka yake aende shule.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 makanisa, wanaharakati na watu wa kawaida wa nchi nyingi walipiga kelele madeni ya nchi maskini yafutwe, na Novemba 2001 Tanzania ikatimiza masharti ya kupata msamaha mkubwa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka huohuo, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Nilikuwa kazini. Fedha zilikuja, zikaja kwa wakati, zikaingia kwenye akaunti za shule, na kamati za shule zikajenga. Mwaka 2000 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 4.4, mwaka 2005 walikuwa wamepita milioni 7.5. Madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu hawakutosha, wasomi walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini watu wakisema mbele yenu kwamba fedha za serikali haziwezi kumfikia maskini, wapeni mfano huo.

Sasa sikieni upande wa pili, kwa sababu ni mwaka uleule. Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya msamaha wa deni, serikali ya Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE Systems ituuzie rada ya kuongozea ndege kwa pauni milioni 28. Waziri wao wa misaada, Clare Short, alipinga. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliona ni ghali mno kwa nchi kama yetu. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono mauzo yaendelee. Nchi iliyokuwa imetoka kusamehewa kwa sababu ni maskini ikapata fedha za rada. Mwaka 2010, baada ya Uingereza kuchunguza makosa ya rushwa na udanganyifu, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Hizo ndizo magazeti yetu yaliziita chenji ya rada. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Ina maana vitabu vile na madawati yale yangeweza kununuliwa muongo mzima kabla, watoto waliokuwa wakikaa chini wakati ule wasikae chini. Wale hawakurudishiwa kitu. Walishamaliza darasa la saba.

Iko njia nyingine ya kumwambia maskini angoje, na hii haina kelele hata kidogo. MMEM ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji wa shule iliwekwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa karibu shilingi 10,000. Mwaka 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, na katika hizo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Hakuna aliyesimama bungeni kusema tupunguze fedha za chaki. Shilingi ilipunguza yenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka dola 10 zikawa chini ya 5. Mkiona mwalimu mkuu anaomba mchango wa mtihani wa majaribio, kabla ya kumwita tapeli pigeni hesabu hiyo.

Nimekuwa nikisoma magazeti zaidi tangu nistaafu, na nimeona kwamba dunia inaendeshwa na kikao kilekile cha kwetu, tofauti ni meza. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia nchi maskini. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2024, nchi wafadhili zilizovuka kiwango hicho katika kundi kuu la wafadhili zilikuwa nne: Norwei, Luxembourg, Uswidi na Denmaki. Uingereza iliwahi kukifikia, tena ikakiweka kwenye sheria. Ilipobanwa na gharama za korona ilishusha mpaka asilimia 0.5, na Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili fedha ziongezwe kwenye ulinzi. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025. Shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, likafungwa Julai 2025. Baadhi yenu mna marafiki waliokuwa kwenye miradi ya UKIMWI, wakapokea barua ya kusitishiwa ajira ndani ya wiki moja.

Wekeni tarakimu mbili kando kwa kando. Mwaka 2024 misaada yote rasmi ya wafadhili hao ilikuwa kama dola bilioni 212. Mwaka huohuo dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.7 kwa majeshi. Ni karibu mara kumi na tatu. Benki ya Dunia inahesabu watu zaidi ya milioni 800 wanaoishi katika umaskini uliokithiri, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara, na zaidi ya watu bilioni 3 wanaishi katika nchi zinazolipa zaidi kwa riba ya madeni kuliko zinavyotumia kwa afya au kwa elimu. Siwaambii majeshi yafungwe. Nimeishi wakati Idi Amin amevuka mpaka Kagera, najua jeshi ni la nini. Nawaambia tu kwamba fedha za dunia zilipopungua, umaskini ndio ulioambiwa ungoje, kama boma langu.

Hata hivyo sitaki mkae mkiwalaumu wazungu. Mwingereza hakuwahi kuwa na wajibu wa kuezeka zahanati ya kijiji chetu. Tulimwachia mgeni dawa za kufubaza virusi, chanjo, vyandarua, kwa sababu alikuwa analipa, na sisi fedha zetu tukazielekeza tulikopenda. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Walirudia Maputo mwaka 2003 kuahidi asilimia 10 kwa kilimo. Nchi nyingi hazijafika, na hakuna Mwingereza aliyezizuia. Fungu la uhai wa watu wako ukilitia mfukoni mwa jirani, jirani naye akibanwa analichukua, na huna mahakama ya kumpeleka.

Jambo la mwisho kabla sijawaeleza la kufanya. Kwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, Mtanzania aliyehesabiwa maskini ni yule ambaye matumizi yake hayakufika shilingi 49,320 kwa mwezi, na walikuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara. Posho ya kujikimu ya siku moja, kwa afisa wa kawaida anayesafiri kikazi mjini, ilikuwa inazidi kiasi hicho. Nimezipokea posho hizo na nimesomeshea watoto, ambao ndio wazazi wenu. Nawaambia ili mjue ukubwa wa shilingi hubadilika kutegemea ni nani anayeishika. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanza kulipa kaya maskini katika mpango wa kunusuru kaya, wenzangu wengi walicheka, wakasema vibibi watanywa pombe. Nilikaa siku nzima penye dirisha la malipo kijiji kimoja. Bibi mmoja alihesabu noti zake mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaenda moja kwa moja kwa muuza kuku. Akachagua mitetea watatu, akiwapapasa vifua na kubishana bei mpaka jamaa akachoka. Miezi kadhaa baadaye alikuwa akiuza mayai, na mjukuu wake alikuwa na sare. Hakuna semina yoyote ya kupunguza umaskini niliyohudhuria iliyofanya hivyo kwa fedha kidogo namna ile.

Vijana wa Kenya mwaka 2024 waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauweka kwenye simu za mama zao. Muswada uliondolewa mwishoni mwa Juni, lakini wako waliolipia kwa maisha yao, na sitaki kifo cha mtoto wa mtu kiitwe somo. Ninachowasifia ni kusoma. Ninyi mna simu hizohizo, na hotuba za bajeti zinapatikana bure.

Kwenu nataka muanze na kitu kidogo kuliko muswada. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nendeni. Msikubali kusomewa safu ya fedha zilizoidhinishwa peke yake. Ombeni safu ya fedha zilizopokelewa, tarehe zilipoingia, na malipo ya kwanza yaliyofanywa baada ya kuingia. Mtendaji akisema hana, mwambieni kwa heshima mtangoja, na mngoje kweli. Halafu mwendeeni diwani wenu na maswali hayohayo. Ulizeni pia ile asilimia 10 ya makusanyo ya ndani ambayo halmashauri inatakiwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: kiasi gani kimetoka, kimekwenda kwa vikundi vipi, nani yuko kwenye vikundi hivyo. Wako watakaowaita wakorofi. Mimi nilipokuwa upande ule wa meza, kijiji kilichouliza maswali ya aina hiyo kila robo tulikiogopa, na nakiri mbele yenu kwamba bati zake zilitoka mapema kuliko za wengine.

Na siku baadhi yenu mtakapokaa kwenye kiti cha mkurugenzi, au cha mweka hazina, au Mungu akipenda cha waziri, fedha zitakuja pungufu, msitegemee vinginevyo. Lipeni dawa kabla ya mafuta ya msafara.

Babu yenu